Tundu la Tisa

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi mbele ya mafundi vijana waliomaliza mafunzo, hapa Kigoma mjini. Wengi hamkuwepo, wengine mlikuwa kwenye dagaa, mkaomba niyaandike. Nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni. Picha za ukutani nimeziacha, maana hata waliokuwepo hawakuziona: umeme ulikatika picha ya pili tu.

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu wetu wa ufundi, wazee wangu mafundi wa mitumbwi mliotoka Kibirizi na Katonga, wazazi, na ninyi vijana mliovaa ovaroli ambazo bado zina mstari wa pasi: asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Mwakeye!

Mmeitikia vizuri. Basi kabla sijasema lolote, pokeeni hiki. Wewe kijana wa kiti cha mbele, shika, kiangalie, mpe jirani yako. Kizunguke ukumbi mzima mpaka kinirudie. Msikikunje, kimeshakunjwa vya kutosha. Mnaona kilivyo chepesi? Mnaona matundu yale ya ukingoni? Huo ni ubavu wa bawa la ndege. Umeharibika. Hakuuharibu mwanafunzi. Niliuharibu mimi, na mvi zangu hizi, na vyeti vyangu, na miaka thelathini ya kufunga na kufungua ndege za watu. Nimekuja kuwaeleza nilivyouharibu.

Mtaani kwangu Ujiji watu wananiuliza: mzee, hapa ni mwisho wa reli, mbele yetu ziwa, wewe na ndege wapi na wapi? Ndege si yangu. Ni ya ndugu mmoja mfanyabiashara, ameniomba nisimtaje mpaka iruke, maana akitajwa leo halafu isiruke atachekwa peke yake. Ilikuja ndani ya masanduku, kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha kwa treni hadi hapa. Ni ya watu wawili, ya bati la aluminiamu, na mwenyewe anaijenga kwa mikono yake tukimsaidia. Huko Marekani jambo hili ni la kawaida. Wana chama chao tangu 1953, kilianzia Milwaukee, na kanuni ya serikali yao inataka zaidi ya nusu ya kazi ifanywe na wajenzi wenyewe, kwa kujifunza au kwa kujifurahisha. Kwetu bado ni kioja. Na niseme wazi, asitoke mtu hapa akafunga injini ya pikipiki kwenye mbao akajirusha kutoka vilima vya Bangwe. Ndege si bodaboda. Haiondoki ardhini mpaka Mamlaka ya Usafiri wa Anga iridhike nayo na itoe kibali. Yetu haijafika huko. Ina mkia, ina bawa moja, na ina ubavu mmoja unaozunguka humu ukumbini.

Wala msidhani kuunganisha ndege kando ya ziwa hili ni wazimu mpya. Mwaka 1916 Wabelgiji walileta ng'ambo kule, upande wa Kongo, ndege za majini zikiwa vipande, wakaziunganisha kando ya maji, zikavuka zikaja kudondosha mabomu hapa hapa Kigoma. Hatuanzi sisi. Tofauti ni kwamba sisi hatuna ugomvi na mtu.

Haya. Tundu la tisa.

Bawa la ndege ya namna hii lina mhimili mkuu ndani yake, unaobeba uzito kama boriti inavyobeba paa. Kwenye mhimili zinasimama mbavu. Juu ya mbavu linavikwa bati. Bati linakuja limeshatobolewa kiwandani, na mbavu zimeshatobolewa. Kazi yako ni kuvika, kukutanisha tundu na tundu, kuyashika kwa kliko, yaani vile vibanio vidogo vya springi vinavyokaa kwa muda, halafu ndipo unagonga ribiti, vile vipini vya chuma vinavyoyashika mabati moja kwa moja. Kwenye karatasi ni rahisi kama kuvaa kanzu.

Tulianza asubuhi, mimi na vijana wawili. Tundu la kwanza, safi. La pili, safi. La tatu, kliko imeingia yenyewe. La tano, ukichungulia kwenye tundu la bati unaona la ubavu limekatwa kidogo pembeni. La saba limebaki nusu. La tisa... Ninyi wa Ujiji mnaijua jioni ya kutafuta mwezi wa Ramadhani. Watu wamesimama wanalitazama ziwa, wamekaza macho, kila mtu anasema wingu, wingu, ghafla mtoto mmoja ananyosha kidole: ule pale! Uzi mwembamba wa mwanga. Ndivyo lilivyokuwa tundu la tisa. Hilali.

Fundi akiona hilali anafanya nini? Msione aibu, mko kwa wenzenu. Semeni.

Anaforsi! Asanteni. Nikachukua bisibisi, nikalitia tunduni, nikalisukuma. Likakubali kidogo. Kliko ikaingia kwa nguvu, na bati hapo hapo likatoa tumbo. Nikaitoa kliko. Nikachukua keekee. Kijana mmoja akaniambia taratibu, "Mzee, tuisome tena ile karatasi?" Nikamjibu, "Mwanangu, karatasi hizi nimeanza kuzisoma kabla hujazaliwa." Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Hawakusema kitu kuhusu bati.

Nikatoboa. Sasa sikilizeni, hili ni la kitaalamu kidogo lakini mnaofanya kazi ya bati mtalielewa. Keekee ikishuka ikakuta tundu lingine nusu, haikati mahali unapotaka. Inateleza kuelekea penye uwazi. Nilipoitoa nilikuwa na tundu lenye umbo la namba nane. Huo ubavu ukiwafikia angalieni, ni lile la mwisho, puani. Ribiti ikigongwa huvimba ikajaza tundu la duara. Namba nane haiijazi. Itabaki inacheza, na kitu kilichoanza kucheza ndani ya bawa hakichoki. Halafu kuna habari ya ukingo. Kutoka katikati ya tundu hadi mwisho wa bati pabaki angalau mara mbili ya unene wa ribiti. Ribiti ya milimita 3.2, ukingo milimita 6.4. Kila unapolipanua tundu unaula ukingo. Nilipopima, ukingo ulikuwa haupo tena wa kutosha. Ubavu ule ulifia mikononi mwangu.

Mnadhani niliacha? Nikatoa ubavu wa pili sandukuni. Tundu la tisa, hilali. Wa tatu. Hilali. Mbavu tatu, kosa lile lile, mahali pale pale. Kitu kimoja kikikataa, kiangalie hicho kitu. Vitatu vikikataa kwa namna moja, jiangalie wewe. Mimi sikujiangalia. Nilihamisha lawama: bati ndilo limetobolewa vibaya! Jioni nikawaandikia wenye kiwanda barua kali, nikaitumia akiba yangu yote ya Kiingereza, nikawaambia wametuuzia takataka. Nikalala nimeshiba hasira.

Asubuhi mkwe wangu akaleta chai. Mkwe wangu ni fundi cherehani, ana kibanda chake Mwanga. Yuko pale nyuma, na jina silitaji maana ananiangalia sasa hivi kwa jicho la onyo. Akaiweka chupa ya chai juu ya meza, karibu na ubavu mmoja uliolazwa pale. Ubavu ukatikisika, tiki tiki tiki, kama stuli yenye mguu mfupi. Akautuliza kwa kidole. Alipoondoa kidole ukatikisika tena.

"Baba, samahani," akasema, "mimi mambo ya ndege siyajui. Lakini hiki si kimejipinda?"

Nikamwambia, "Mama, kimetoka kiwandani hivyo."

"Ndiyo, baba. Ila huu ukingo wake uliokunjwa ni wa mviringo. Mimi nikikunja upindo wa sketi ya mviringo, kitambaa cha ukingoni kinazidi. Nisipokitia marinda kidogo kidogo, upindo unavuta, na sketi yote inakaa upande."

Ndugu zangu, chai ilinipalia.

Marinda! Miaka thelathini nayajua marinda yale. Tena tuna koleo yake maalumu, ina meno matatu, moja juu na mawili chini. Ukibana ukingo kati ya tundu na tundu inaacha mkunjo mdogo, nusu ya ukucha. Maana aluminiamu ikikunjwa kufuata mviringo, ya ukingoni inazidi. Inakosa pa kwenda. Basi inausukuma ubavu mzima upinde kama ndizi. Mwanzoni, karibu na mhimili, huoni kitu, maana pale umeushika. Kila ukienda mbele unaachana na mstari wako, kidogo, kidogo, mpaka tundu la tisa. Ukitia mikunjo, ile ziada imepata pa kukaa, ubavu unanyooka. Na koleo hiyo ilikuwa wapi? Ukutani. Mbele ya macho yangu. Siku ya kwanza tulipofungua masanduku niliwaambia vijana, hizi mbavu zimekuja tayari, msipoteze muda nazo.

Tukatafuta kipande cha kioo cha dirisha, maana meza ya mbao nayo ina maringo yake. Tukaulaza ubavu juu ya kioo. Mkunjo mmoja, tunaulaza, tunaangalia. Mkunjo wa pili, tunaulaza, tunaangalia. Ukizidisha unapinda upande wa pili, na hapo inabidi uubembeleze urudi. Mkunjo wa tano, ubavu ukalala kimya. Tukauvika bati. Kliko ya tisa tuliibandika bila hata kuegemea meza.

Saa sita mchana kiwanda kikanijibu. Barua yangu ndefu ile ilijibiwa kwa namba ya ukurasa. Basi, namba ya ukurasa tu. Nikaufungua. Sentensi moja: nyoosha mbavu kwa mikunjo kabla ya kuvika bati.

Sasa nawauliza, na mnijibu kwa sauti. Kosa lilikuwa kwenye tundu la tisa?

Halikuwa! Lilikuwa kwenye tundu la tano? Halikuwa. Kwenye bati? Halikuwa. Kosa lilikuwa siku kadhaa nyuma, kwenye mdomo wangu, niliposema zimekuja tayari. Tundu la tisa lilikuwa mahali pa kosa kujitokeza tu, kama maji ya paa. Wangapi mmeziba paa mahali pale pale linapodondokea? Maji yaliingilia juu kule, kwenye kigae kingine kabisa, yakatembea juu ya ubao, yakaja kudondokea kitandani kwako. Ukiziba hapo juu ya kitanda utaziba mpaka uzeeke.

Kwa hiyo siku hizi karakana kwetu kitu kikikataa, la kwanza tunaweka zana chini. Kabisa, mikono mitupu. La pili hatulitazami tundu lililokataa, tunalitafuta la mwisho lililokubali. Kwa ubavu ule lilikuwa la tatu. Kati ya la tatu na la tano kumetokea nini? Hapo ndipo tunapoanzia kurudi nyuma. Na tunabadilisha kitu kimoja, kimoja tu, kisha tunajaribu. Vijana mna haraka, mnabadilisha vitu vitatu kwa mpigo, mashine inakubali, mnashangilia, na hamjui ni kipi kilichokuwa kibovu. Ikikataa tena wiki ijayo mnaanza upya. Tunaandika kila kitu. Hapo hapo, msiandike kwa penseli juu ya aluminiamu. Ile risasi ya penseli inaliozesha bati taratibu pale pale ulipopiga mstari. Tumieni maka peni.

Haya, ubavu umefika wapi? Kwa akina mama. Vizuri, uendelee.

Mnawajua ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, wenye duka la baiskeli kule Dayton. Shuleni tunaambiwa tarehe 17 Desemba 1903 wakaruka, sekunde 12, tukanakili, tukafunga daftari. Mimi zile sekunde 12 hazinisisimui sana. Ninapenda wiki sita zilizotangulia. Wako kwenye mchanga, Kitty Hawk, baridi kali. Wanawasha injini kwa majaribio. Injini inapiga kwa kushtuka, inakosa moto, inadaka tena, na shafti zinazozungusha propela zinaharibika. Wanazituma Dayton, fundi wao Charlie Taylor anazikarabati, zinarudi tarehe 20 Novemba, imara zaidi. Wanafunga. Wanawasha. Sasa shafti ziko sawa, lakini yale magurudumu ya meno yanayoshika mnyororo yanalegea. Wanakaza, yanalegea. Wanakaza, yanalegea. Unajua walifanya nini? Walichukua gundi ya kubandikia matairi ya baiskeli, wakayagandisha. Yakashika! Kazi imekwisha?

Wiki moja baadaye shafti moja ikaonekana ina ufa.

Mnaliona linavyohama? Ule mshtuko wa injini ulikuwa haujaondoka. Kila walipoziba mlango ulitokea dirishani. Mwisho Orville akapanda treni akarudi Dayton mwenyewe, akatengeneza shafti za chuma cha springi, nzima, si bomba, zenye kunyumbuka kidogo, zinazoumeza mshtuko badala ya kushindana nao. Alirejea tarehe 11 Desemba. Siku sita baadaye ndizo sekunde 12 za kwenye daftari lako.

Madereva wa bodaboda hili mnalijua. Mnyororo umechakaa, unabadilisha mnyororo peke yake, sproketi zilizolika unaziacha. Mwezi haujaisha mnyororo mpya umekwisha. Unamlaumu Mchina.

Nyosheni mikono. Wangapi hapa mmeshakwenda duka la spea na boliti ya zamani kiganjani, mkasema, nipe kama hii? Nyosheni, nyosheni. Na mimi nanyosha.

Tarehe 10 Juni 1990 ndege ya abiria iliondoka Birmingham, Uingereza, ikielekea Málaga, Hispania. Kioo cha mbele, upande wa rubani mkuu, kilikuwa kimebadilishwa saa 27 kabla. Dakika 13 baada ya kuruka, wakiwa futi 17,300 juu, kioo kikang'oka chote. Hewa ya ndani ikatoka kwa kishindo, ikamvuta rubani, kiwiliwili kikawa nje ya ndege, miguu ndani. Wahudumu wakamshika miguu. Rubani msaidizi akaishusha ndege Southampton huku mwenzake ananing'inia nje. Hakufa mtu. Hata rubani hakufa. Piga makofi kama unataka, mimi kila nikilisema hili mwili unanisisimka.

Kioo kile kinashikwa na boliti 90. Walipohesabu, 84 zilikuwa nyembamba kuliko zinazotakiwa kwa milimita 0.66. Sita zilizobaki zilikuwa na unene sahihi lakini fupi. Zilitokaje? Aliyekifunga alikuwa fundi mzoefu, mkubwa wa zamu, si fundi maiko. Alitoa boliti ya zamani akaenda nayo stoo. Mtu wa stoo akamwambia, kioo hicho kinachukua boliti nyingine. Yeye akaona, mbona hizi zilikuwa zimeshika siku zote? Akatafuta za kufanana na ya zamani, usiku, penye mwanga hafifu, akazilinganisha kwa macho na kwa vidole.

Milimita 0.66! Nani hapa ana macho hayo? Lakini ngojeni, hilo silo linaloniliza. Linaloniliza ni kwamba ile boliti ya zamani, iliyokuwa kiganjani mwake, nayo haikuwa sahihi. Ilikuwa fupi tangu alipoifunga aliyemtangulia. Angepata za kufanana nayo kabisa, bado angekuwa amekosea. Alimuuliza shahidi mwongo.

Tulipofungua mkia wa ndege yetu kurekebisha kitu, nikawakuta vijana wamezipanga boliti tulizozitoa mezani, wanatafuta za kufanana sandukuni. Nikawaambia leteni mchoro. Soma namba kwenye mchoro, soma namba kwenye pakiti, pima kwa kalipa, kile kipimo cha unene, halafu ndipo itie. Wakanung'unika. Wakakuta mbili ambazo mimi mwenyewe nilikuwa nimezibadilishana, ndefu pa fupi. Mimi mwenyewe! Hawakunicheka mbele yangu. Walisubiri nitoke.

Hili linalofuata nitalipita haraka, linanihuzunisha. Mwimbaji John Denver wa Marekani alifariki tarehe 12 Oktoba 1997, pwani ya California, katika ndege ndogo aina ya Long-EZ iliyojengwa nyumbani. Hakuijenga yeye, aliinunua. Michoro ya mbunifu wake, Burt Rutan, iliweka kitasa cha kuchagua tangi la mafuta kati ya miguu ya rubani. Aliyeijenga akakihamishia nyuma ya bega la kushoto. Hakuwa mjinga, hakutaka mabomba ya mafuta yapite alipokaa rubani. Lakini kukigeuza kitasa hicho ulitakiwa ujizungushe kitini. Siku ile kabla ya kuruka Denver na fundi mmoja walilizungumza, wakajaribu kubana koleo ili mkono wa kitasa uwe mrefu, ikashindikana. Akaruka. Wachunguzi walisema alipojizungusha kukitafuta kitasa alikanyaga pedali bila kujua, na akashindwa kuimudu ndege. Hakuna boliti iliyokatika. Hakuna ribiti iliyolegea. Kila kitu kilishika kama kilivyofungwa. Kosa lilifungwa miaka nyuma, juu ya meza ya karakana, na mtu mwenye nia njema.

Baada ya kuisoma habari hiyo tulitengeneza kiti kwa mbao za sanduku, tukaweka mpini wa fagio kuwa usukani, tukamkalisha mwenye ndege, tukamfunga macho kwa kitambaa cha mkwe wangu. Tukamwambia, mafuta yafunge. Swichi ya injini, iguse. Mlango, ufungue. Vyote alivipata isipokuwa mlango. Tumbo lilizuia mkono. Tumekisogeza kiti, na yeye ameacha chapati za asubuhi, nasikia.

Nimalizie na Liemba, na wazee wa Kibirizi mtanisamehe kuwasimulia habari za nyumbani kwenu.

Meli ile ilijengwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikiitwa Goetzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa ndani ya masanduku 5,000, ikaja kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli iliyokuwa ndiyo kwanza imefika hapa. Masanduku 5,000! Sisi tunayo manane na bado tunapoteza nati. Ikaunganishwa hapa hapa kwa ribiti, bati kwa bati, ikashushwa majini Februari 1915. Mwaka uliofuata, Julai 1916, Wajerumani wanaondoka Kigoma, hawataki adui aichukue, wakaamua kuizamisha karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Na mafundi wale, kabla ya kuizamisha, wakaipaka injini grisi nzito kila mahali. Fikiri. Unaambiwa uzamishe meli, wewe unaipaka mashine grisi. Ikakaa chini ya maji miaka. Waingereza wakaiibua 1924, wakakuta injini na boila bado ni za kutumika, na Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Wangapi hapa hamjapanda Liemba, au baba zenu hawajaipanda?

Aliyepaka grisi ile hakumjua atakayeifungua. Alijua tu kuna mtu atakuja na spana.

Ndiyo maana karakana kwetu kila boliti ikishakazwa inapigwa mstari mwembamba wa rangi, unaoanzia kwenye nati unapita juu ya boliti hadi kwenye bati. Nati ikigeuka hata kidogo, mstari unakatika, na fundi atakayekuja miaka kumi mbele, mimi nikiwa nimelala makaburini Ujiji, ataona bila kushika chochote. Na kwenye daftari tunaandika nani amefunga, lini, na pale tulipokosea tunaandika tulikosea vipi. Ukurasa wa tundu la tisa nimeuandika kwa mkono wangu, na jina la mkwe wangu lipo, hilo hakuweza kulizuia.

Bawa la pili tunaanza kulivika Jumamosi ijayo. Anayetaka kuja kuona aje, saa mbili asubuhi, karakana ipo nyuma ya nyumba yangu, ukifika uliza kwa mzee wa ndege, utaonyeshwa hata na watoto. Vaeni viatu vilivyofunikwa.

Sasa ubavu wangu uko wapi? Nani anao? Mama pale, mstari wa mwisho. Mama, hebu ulaze juu ya meza hiyo mbele yako. Ulaze tu, usiushike. Uguse kwa kidole.

Unatikisika, eh?

Haya, nirudishieni. Una msumari wake ukutani, unapita kwenye lile tundu la tisa bila shida.